Muflisi wa Johannesburg: Dhahabu, Daftari na Maswali Mawili ya Mali

Mhadhara wa Ramadhani uliotolewa mbele ya wanajumuiya hapa Johannesburg, baada ya swala ya Alasiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Juzi, baada ya tarawehe, kijana wetu mmoja alitufuata nje ya msikiti tukiwa tunavaa viatu. Alituambia kwamba alipoondoka nyumbani aliwaahidi wazazi wake kurudi baada ya miaka miwili, na sasa huu ni mwaka wa tisa. Duka analo, gari analo, na pesa za nyumbani zinakwenda kila mwezi bila kukosa. Kisha akasema: "Lakini nikijiuliza ninaishi kwa ajili ya nini, sina jibu ila hesabu." Usiku ule hatukuwa na la kumjibu, nasi tuliona haya kumpa maneno mepesi. Tulimwahidi kwamba leo tutajaribu. Na kwa kuwa wosia kuhusu mali tumeusikia mwingi tangu chuoni, leo tutapita njia ya historia, tutazame watu waliotutangulia katika kutafuta, tuone mali ilifanya nini katika maisha yao na wao walifanya nini nayo.

Kabla ya kuanza tushike mizani moja. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja hatanyanyua nyayo zake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe mambo kadhaa, na miongoni mwa hayo yamo mawili kuhusu mali yake: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Umri tutaulizwa swali moja, na elimu swali moja, lakini mali ina maswali mawili, la mlango wa kuingilia na la mlango wa kutokea. Wengi wetu tumejiandaa kwa moja tu kati ya hayo. Historia tutakayoisimulia leo itatuonyesha hatari yake.

Tuanze nyumbani, Kilwa.

Mnamo mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Moroko, aliteremka Kilwa baada ya kupita Mogadishu na Mombasa. Aliukuta mji mzuri, wenye watu wa dini na wacha Mungu, nao ulikuwa umeshika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala. Dhahabu ile haikuzaliwa Sofala. Ilitoka bara, katika nyanda za juu ambazo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi pwani na kupakiwa majahazini. Na hata katika nchi hii tunayoishi, huko Mapungubwe karibu na mto Limpopo, yalifukuliwa makaburi ya wafalme wa karne ya 13 waliozikwa na vitu vya dhahabu, akiwamo kifaru mdogo aliyefunikwa kwa bamba la dhahabu, pamoja na shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo tusidhani kwamba sisi ndio Waswahili wa kwanza kufungamana na dhahabu ya upande huu wa Afrika. Mababu zetu waliitegemea miaka mia saba iliyopita.

Sultani wa Kilwa wakati ule alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Yeye ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, lenye birika la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Sarafu zake za shaba zilikuwa na jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zilikwenda kwa vina. Sarafu yake moja imeokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Tuifikirie sarafu hiyo: pesa iliyobeba dua mgongoni, ikatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka katikati ya bara.

Lakini Ibn Battuta hakuandika habari za jumba. Aliandika habari za mkono wa sultani. Anasimulia kwamba watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Alikuwa akikaa na mafukara na kula nao, na kuwaheshimu wenye dini na masharifu. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakungoja kufika kwake. Aliingia katika nyumba ya khatibu palepale msikitini, akazivua, akavaa nyingine, na yule fukara akaitwa azichukue. Watu wakamsifu sana sultani wao kwa unyenyekevu ule.

Sultani yule alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, na tabia ikageuka. Mwombaji akija, Daud alikuwa akimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa barazani kwake miezi mingi wakingoja, mwishowe wakapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kuja mlangoni pake.

Mji ulikuwa uleule na dhahabu ilikuwa ileile, lakini mmoja wa ndugu hawa anatajwa kwa vipawa vyake na mwingine anatajwa kwa jibu lake. Kama mhadhara ungeishia hapa, tungesema somo ni jepesi: mwenye kutoa hukumbukwa, mwenye kuzuia husahauliwa au hukumbukwa kwa ubaya. Tungekwenda zetu kufuturu tukiwa tumeridhika. Lakini tungekuwa tumejibu swali moja tu kati ya yale mawili, na amana ya historia haituruhusu.

Kisa cha nguo kina sehemu ya pili. Mwana wa sultani alizinunua nguo zile kutoka kwa yule fukara, na malipo aliyompa ni watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoushukuru ukarimu wake, akaamuru fukara yule aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini! Na Ibn Battuta mwenyewe anatueleza kwamba sultani alikuwa akizishambulia nchi za jirani na kuleta mateka. Katika swali la pili, ameitumia katika nini, sultani yule anatushinda sote. Katika swali la kwanza, ameichuma wapi, tunanyamaza na kumwachia Mola wake hukumu. Sisi si makadhi wa waliokufa. Lakini hatuwezi kusimulia zawadi ile bila ya kuwauliza wale ishirini majina yao, na hakuna aliyeyaandika.

Wenzao wa karne za baadaye, hata hivyo, wanajulikana, na jamaa zao wako katika nchi hii. Mwaka 1873 manowari za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji na wengi wao Waislamu, waliteremshwa Durban. Hawakuachwa huru kama tunavyolielewa neno hilo, maana walifungwa kwanza kwa mikataba ya kazi. Watu wakawaita Wazanzibari, na jina hilo limebaki mpaka leo. Waislamu wa Durban, wengi wao wafanyabiashara wenye asili ya India, wakatoa pesa zao ikapatikana ardhi ya kuwaweka watu hao pamoja, huko Kings Rest katika eneo la Bluff, wakajenga msikiti, wakasomesha watoto wao Kurani, wakazika maiti zao. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi, kwa sheria ya kugawa maeneo kwa rangi, iliwahamisha kwenda Chatsworth. Ardhi ikawatoka, lakini jamii haikuvunjika. Pesa zile zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake kwa karibu miaka 60: zilikuwa zimewapa watu walionyang'anywa kila kitu mahali pa kuwa watu tena. Tukitaka kujua tofauti ya mali inayomgeuza mtu kuwa bidhaa na mali inayomrudishia mtu utu wake, hatuna haja ya kwenda mbali. Safari ya basi ya usiku mmoja inatosha.

Sasa tuje katika mji huu wetu.

Johannesburg haina bahari, haina mto mkubwa, haina bandari. Haikuzaliwa na kitu kingine ila dhahabu. Mwaka 1886, katika shamba liitwalo Langlaagte, upande wa magharibi wa mahali tulipokaa sasa, iligunduliwa miamba iliyobeba dhahabu. Anayetajwa kuigundua ni mtu aitwaye George Harrison, na inasimuliwa kwamba aliiuza haki yake ya kuchimba kwa pauni 10 tu, akashika njia yake, asisikike tena. Juu ya miamba ile ulijengwa mji ambao wenyeji waliuita eGoli, penye dhahabu. Wanaume kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na nchi nyingine waliletwa kwa makundi, wakaishi katika kambi mbali na wake zao na watoto wao, wakateremka chini ya ardhi kuitafuta.

Kurani imetusimulia habari za Qaruni katika Surat al-Qasas, aliyesema kwamba mali yake ameipata kwa elimu yake mwenyewe, kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Sisi tunaoishi katika mji huu tunatembea kila siku juu ya ardhi iliyochimbwa mashimo kwa ajili ya dhahabu, na waliomezwa humo kwa maporomoko na kwa maradhi ya mapafu hawakuwa akina Qaruni. Walikuwa watu wa mishahara midogo, waliokuja kama tulivyokuja sisi, wakiwa wamewaahidi wazazi wao kwamba watarudi. Tunapoona mji huu unang'ara usiku, tuwakumbuke katika dua.

Katika mji huo mchanga walikuwapo Waislamu mapema sana. Walikuwapo Wamalay wa Cape, na walikuwapo wafanyabiashara kutoka India waliofungua maduka na wachuuzi waliotembeza bidhaa kwa vikapu. Mwaka 1906 ilianzishwa hapa jumuiya ya Hamidia, iliyopewa jina la Sultani Abdul Hamid wa Uturuki. Mwaka huohuo serikali ya koloni la Transvaal ilileta sheria mpya: kila mtu mwenye asili ya Asia ajiandikishe upya, atoe alama za vidole vyake vyote kumi, atembee na cheti, na akionyeshe kwa polisi yeyote atakapoulizwa. Asiyejiandikisha hapewi leseni ya biashara, na anaweza kufukuzwa nchini.

Wengi wetu humu tunaelewa maana ya karatasi katika mji huu, na hatuna haja ya kufafanua zaidi.

Tarehe 11 Septemba 1906 watu wapatao 3,000 walikutana katika ukumbi wa Empire hapa Johannesburg. Mfanyabiashara Haji Habib alisimama akataka watu waape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawataitii sheria ile. Mohandas Gandhi, wakili kijana aliyekuwa akiwahudumia, aliwaonya kwamba kiapo kwa jina la Mungu si jambo la mchezo. Wakaapa, wakiwa wamesimama na mikono juu.

Kuapa ukumbini ni jambo moja na kufungua duka kesho yake ni jambo jingine. Sheria ilipoanza kutumika mwaka 1907, wapo wafanyabiashara waliokwenda kujiandikisha usiku, kwa siri, ili wenzao wasiwaone. Tusiwacheke. Walikuwa na watoto, walikuwa na madeni, na nani kati yetu ana hakika angefanya nini? Lakini kule kwenda usiku kunatuambia kitu. Waliijua bei ya walichokuwa wakikiuza, ndiyo maana hawakutaka kukiuza mchana.

Miongoni mwa waliobaki katika ahadi yao alikuwa Ahmad Mohamed Cachalia. Hakuwa tajiri mkubwa wala msomi wa kutajika. Alikuwa mfanyabiashara wa kiasi, na hakuwa akisimama mbele katika mikutano ya mwanzo. Tarehe 31 Julai 1907, katika mkutano wa hadhara huko Pretoria, alisimama akaapa kwa Mungu kwamba atakubali kunyongwa kuliko kuitii sheria ile, huku akipitisha mkono shingoni. Gandhi ameandika kwamba maneno yale mwanzoni yalimfanya atabasamu, kwa kuyaona makubwa mno, na baadaye akajionea haya kwa tabasamu lile, kwa kuwa mtu yule aliyatimiza. Mwaka 1908 Cachalia alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wahindi wa Transvaal.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Agosti, mbele ya msikiti wa Hamidia, hatua chache kutoka Fordsburg, watu walikusanya vyeti vyao. Walikuwa wamekubali kujiandikisha kwa hiari baada ya mapatano na Jenerali Smuts, wakiamini sheria itafutwa, nayo haikufutwa. Vyeti vikatiwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma cha miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa, vikachomwa moto. Leo pana mnara wa kumbukumbu wenye umbo la chungu kile karibu na msikiti. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi tukikimbilia swala au soko, na huenda hatujasimama hata mara moja.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tumchague mtu huyu. Biashara za wakati ule zilikwenda kwa mkopo. Wenye maghala makubwa, Wazungu, waliwapa wenye maduka bidhaa, na malipo yalikuja baada ya kuuza. Mwanzoni mwa mwaka 1909 wale waliokuwa wakimdai Cachalia walimletea masharti: ama ajitoe katika mapambano, ama alipe madeni yote mara moja. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayeweza kufungwa jela wakati wowote si salama kwa mkopo. Nia iliyokuwa nyuma yake haikuwa vigumu kuiona: mwenyekiti akivunjika, wadogo watavunjika.

Cachalia aliwajibu kwamba mapambano yale ni jambo la dini yake na heshima ya watu wake, na hayahusiani na biashara. Deni lao analitambua na atalilipa. Ukaitishwa mkutano wa wadai. Akafungua madaftari yake mbele yao, na ikaonekana kwamba bidhaa alizo nazo pamoja na fedha anazowadai wateja zinazidi madeni yake. Mtu huyu hakuwa muflisi. Alikuwa na uwezo wa kulipa kwa wakati wa kawaida, kama alivyokuwa akilipa siku zote. Akawaambia kwamba kama hawana imani naye, wachukue bidhaa na madaftari wajilipe wenyewe. Walikuwa na njia moja ya kumwokoa, nayo ilikuwa neno moja kutoka kinywani mwake. Hakulitoa. Akatangazwa muflisi.

Tunaoishi kwa biashara tunaelewa uzito wa neno hilo. Mfanyabiashara anayetangazwa muflisi hupoteza zaidi ya duka. Hupoteza jina, na jina ndilo mtaji wake wa kwanza. Watu husema pembeni, mke huulizwa maswali sokoni, watoto huona baba yao anatazamwa kwa jicho jingine. Cachalia aliyakubali hayo yote akiwa na mali ya kutosha kuyaepuka.

Mwisho wa habari ni huu: bidhaa zake zilipouzwa na fedha zake zilipokusanywa, wadai walilipwa shilingi 20 kwa kila pauni, yaani deni lote bila kupungua hata senti. Naye akaingia jela kama wenzake, akabaki mwenyekiti mpaka alipofariki mwaka 1918. Hakuishi kuuona mwisho wa mambo. Lakini wanawe walikua katika kivuli cha uamuzi ule. Maulvi Ismail Cachalia, aliyesoma Deoband, alikwenda Bandung mwaka 1955 pamoja na Moses Kotane kuzisemea haki za watu wa nchi hii. Yusuf Cachalia alishtakiwa pamoja na Nelson Mandela katika kampeni ya kuasi sheria za ubaguzi ya mwaka 1952. Duka halikurithiwa. Kilichorithiwa tunakiona.

Ndugu zetu, tumempitisha Cachalia katika yale maswali mawili. Ameichuma wapi? Madaftari yake yalifunguliwa mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuyatafutia kosa, wasilione. Ameitumia katika nini? Aliitumia kununua uhuru wa kutosema neno ambalo dhamiri yake ililikataa. Na tuangalie vizuri: asingeweza kujibu la pili kama asingekuwa amejiandaa kwa la kwanza. Kama hesabu zake zingekuwa chafu, kama angekuwa amekula haki za watu, wadai wake wangemshika hapo, na kukataa kwake kungeonekana hila ya mdaiwa. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yake iliondoka na habari yake imebaki, kwa sababu ilikuwa na daftari.

Hapa ndipo tunapopata jibu la kijana wetu, kwa kadiri ya uwezo wetu. Wewe ulituambia kwamba huna jibu ila hesabu. Sisi tunaona hesabu ni mwanzo mzuri, usiidharau. Dini yetu haikutuamrisha kuichukia mali. Imeifanya zakati kuwa nguzo, na zakati haitolewi na asiye na kitu. Pesa unayoituma kila mwezi inamlaza mama yako bila hofu, nayo ni ibada ukiinuia hivyo. Lakini mali haiwezi kukuambia unaishi kwa ajili ya nini. Huo si wajibu wake, na ukiiuliza itakujibu kwa lugha moja inayoijua, nayo ni nyongeza. Anayejua anaishi kwa ajili ya nini ni yule anayejua kitu gani hakiuzi. Cachalia alikijua chake siku ya mkutano wa wadai. Wewe huna haja ya kungoja mkutano kama huo. Keti nafsi yako na uiulize usiku mmoja katika usiku hizi kumi zijazo: ni neno gani ambalo nikitakiwa kulisema ili duka langu lipone, sitalisema? Ukilipata hilo, mengine yatapangika nyuma yake, ikiwamo ile ahadi ya miaka miwili uliyowapa wazazi wako.

Nasi jumuiya hatuko nje ya swali hili. Tuna mfuko wa mazishi, tuna mfuko wa wajane na mayatima nyumbani, na mwezi huu tunakusanya zakatul-fitri. Tunajifaharisha kwa kutoa, na kutoa ni kuzuri. Lakini tunao miongoni mwetu wanaowaajiri ndugu wasio na karatasi na kuwapunja mishahara kwa kujua kwamba hawawezi kwenda kushtaki, kisha wakaandaa futari ya watu mia. Hatumtaji mtu, na kila mmoja anaijua nafsi yake. Tunakumbusha tu kwamba Kilwa ilikuwa na sultani aliyevua nguo zake kwa ajili ya fukara, na bado tunawauliza wale ishirini. Futari hailipi mshahara. Kabla ya Idi, aliye na haki ya mtu na aitoe, na aliye na deni aliandike na kumjulisha anayemdai. Uongozi wa jumuiya uko tayari kukaa na pande mbili kwa siri na kwa heshima.

Tumalizie kwa neno tulilolitumia leo mara nyingi. Mtume wetu (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake kama wanamjua muflisi ni nani. Wakajibu kwamba ni mtu asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawafundisha kwamba muflisi katika umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zakati, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu, mema yake yakagawiwa aliowadhulumu mpaka yakaisha, kisha akabebeshwa madhambi yao.

Katika mji huu, mwaka 1909, mtu alitangazwa muflisi kwa mujibu wa sheria, na kila aliyemdai alilipwa haki yake kamili. Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitufanye kinyume chake, tukaitwa matajiri na wana jumuiya wenzetu, kisha tukafika kwake tukiwa muflisi.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, wa Kilwa, wa Kings Rest na wa migodini, awape utulivu vijana wetu walio mbali na wazazi wao, na atukutanishe na watu wetu katika kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.